Tofali la Kichuguu

Kiangazi kikianza Lubumbashi, mvua zikiwa zimekwisha na mijakaranda haijachanua bado, ndipo mabati ya uzio huzuka mbele ya nyumba za zamani mjini kati. Kwa siku kadhaa nyundo husikika nyuma ya uzio. Kisha lori huja kubeba matofali mekundu yaliyochaguliwa moja moja, kwa kuwa tofali la zamani lina bei nzuri, na vifusi huachwa. Mwaka ukizunguka, pale pale panasimama jengo la vioo vya buluu.

Majengo ninayoyasemea hapa ni yale yaliyoinuliwa baina ya vita kuu mbili, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville. Hayo ni maduka ya etaji, yaani ghorofa, moja au mbili yenye vyumba vya kupanga juu, nyumba za pembeni mwa barabara zenye kona iliyokatwa, Park Hotel ya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Sinagogi iliyochorwa na Raymond Cloquet karibu mwaka 1930. Kila ninapoyatetea hujibiwa kwa hoja zile zile, barabarani, ofisini, hata mezani kwa ndugu zangu. Nimezisikia mara nyingi vya kutosha, na leo nazijibu. Baadhi ni nyepesi, nitazipita haraka. Nyingine zinauma, nazo nitakaa nazo.

"Ile manyumba ya mu ville haiko yetu, iko ya bazungu."

Hii ndiyo hoja ya kila siku, nayo husemwa bila hasira, kama mtu anayekuonyesha mto unakopita. Mimi huijibu kwa tofali.

Nchi hii ya Katanga imejaa vichuguu vikubwa, vingine vimempita mtu urefu mara mbili au tatu. Mchwa wameupandisha udongo laini kutoka chini, chembe kwa chembe, kwa miaka ambayo hakuna mzee anayeihesabu. Udongo huo unashikana kuliko udongo wa juu, na ukichomwa unakuwa imara. Mafundi waliukata kichuguu ubavuni, wakaumwagia udongo maji, wakaukanyaga kwa miguu, wakaujaza kalibu, wakaanika, wakapanga tanuru papo hapo na kulichoma kwa magogo ya miombo. Toka leo mjini ushike njia ya Likasi au ya Kasumbalesa, utayaona matanuru ya namna hiyo hiyo yakifuka moshi kando ya vichuguu vilivyomegwa nusu. Ufundi haujakatika hata siku moja. Nyumba ya mwaka 1928 na nyumba anayoijenga kijana wa mtaa wa Katuba mwaka huu ni ndugu wa tumbo moja.

Na waliolipanga tofali hilo ni akina nani? Union Minière, ambayo wazee wetu waliiita Changachanga, ilizaliwa 1906 na ikaanza kuyeyusha shaba hapa 1911. Kwa kuwa watu wa karibu hawakutosha wala hawakutaka, watu waliletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland kwa mkono wa kampuni ya Robert Williams, kisha Lomami, Kasai, na Rwanda na Burundi. Wamisionari wa Kisalesiani walifika mwaka 1911 wakiongozwa na Joseph Sak, wakafungua shule ya ufundi. Mji wote uliinuliwa na mikono ya watu hao, na majina yao hayamo katika kibao chochote cha ukutani. Nimetembea mtaa baada ya mtaa nikitazama vibao. Nimekuta jina la mchoraji, jina la kampuni, mwaka. Jina la mwashi sijalikuta.

Hata hao "bazungu" wenyewe, ukiwatazama vizuri, wanatawanyika mikononi. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910 ikitokea kusini, na kwa miaka ya mwanzo Kiingereza kilisikika madukani kiasi cha kuwatia hofu watawala wa Kibelgiji. Maduka mengi yalikuwa ya Wagiriki, Waitaliano, Wareno, na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes, waliozungumza Kihispania cha mababu zao. Sinagogi ile iliyo kimya leo ilijengwa na jumuiya iliyojaa maisha. Anayesema majengo haya ni ya Wabelgiji anawapa Wabelgiji zaidi ya walichowahi kuwa nacho.

Liko jambo moja dogo linalonifurahisha kuliko yote. Wabelgiji wa Kongo walipotaka neno la ile sehemu ya mbele ya nyumba iliyo chini ya paa, mahali pa kukaa jioni na kupokea wageni, Kifaransa chao hakikuwatosha. Walichukua "baraza" kutoka kinywani mwa watu wetu, wakaiondoa silabi moja, wakasema "la barza". Neno hilo limo katika barua zao na katika michoro ya nyumba zao. Walipohitaji kutaja sehemu iliyoifanya nyumba ikalike katika jua hili, walitumia Kiswahili.

"Ni nakala tu ya Brussels. Haina lolote la hapa."

Nusu ya hoja hii naikubali. Mapambo yale ya juu ya milango, ngazi ndogo ndogo za saruji zinazopanda kuelekea kilele, mistari mitatu sambamba inayozunguka kona, yalikuwa mtindo wa dunia nzima wakati ule, kutoka Ulaya hadi Marekani hadi Bombay. Hayakuzaliwa hapa.

Lakini hebu simama mbele ya duka la zamani saa sita mchana mwezi wa Oktoba, jua likiwa utosini. Utajikuta umeingia chini ya varanda inayofunika njia ya waenda kwa miguu yote, imebebwa na nguzo nene. Mvua zikija Novemba, zile zinazopiga ubavu, utapita kutoka duka hadi duka bila kulowa. Inua macho: chini tu ya paa utaona mistari ya matundu madogo. Hayo yanatoa hewa ya moto iliyonaswa kati ya dari na manjanja, yaani mabati ya paa. Ukuta wa mbele umepandishwa juu ili kulificha paa la manjanja lililoinama nyuma, kwa sababu hapa paa tambarare likipigwa na miezi mitano ya mvua linavuja. Kuta ni nene, zinachelewa kupata joto mchana na zinachelewa kupoa usiku. Usiku wa Juni hapa, kwenye mita 1,200 na ushei juu ya bahari, baridi inauma, na ukuta mnene ni rafiki. Mchoraji aliyekaa Brussels asingeyajua haya. Yalijulikana na aliyelala hapa msimu mmoja au miwili, pamoja na fundi aliyeishi hapa.

Ramani ya mji nayo haikutoka Brussels. Mtawala wa Kibelgiji Émile Wangermée alipopima barabara zake mwaka 1910, mfano aliokuwa nao machoni ulikuwa Bulawayo: barabara pana zinazokatana kwa pembe mraba, vitalu sawasawa, miti kandokando. Lubumbashi ni mji wa kusini mwa Afrika uliopewa majina ya Kifaransa. Mtu wa Ndola au wa Harare akishuka hapa hapotei njia.

"Majengo ya namna hiyo yako tele, likianguka moja si neno."

Hili ni kosa la kuhesabu, nalo linatokana na kuchanganya nyakati mbili. Sehemu kubwa ya majengo marefu ya mjini kati, yale ya etaji nne, tano na kuendelea, yenye nguzo nyembamba za zege na vizuizi vya jua mbele ya madirisha, ni ya baada ya 1945. Ukumbi mkubwa wa tamthilia uliochorwa na Claude Strebelle ni wa miaka ya 1950. Huo ni uzao mwingine, na unastahili makala yake.

Majengo ya kati ya vita yalikuwa na nafasi fupi mno. Katikati ya miaka ya 1920 shaba ilipanda bei na fedha ikaingia. Mwaka 1928 reli kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyokuwa ikiitwa Port-Francqui, ilikamilika na Mfalme Albert wa Ubelgiji akaja kuizindua. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikaiunganisha Katanga na bahari ya Atlantiki, na mwaka huo huo Élisabethville ikafanya maonyesho ya kimataifa kujitangaza kwa ulimwengu. Lakini mdororo wa uchumi ulikuwa umeshabisha hodi. Bei ya shaba ilianguka, Changachanga ikawarudisha makwao maelfu ya wafanyakazi, Wazungu wengi wakapanda treni wakaondoka, na ujenzi ukasimama. Kwa hiyo tunachokiita majengo ya kati ya vita, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya miaka michache iliyobanwa kati ya neema na njaa. Hayako tele.

"Kuyahifadhi ni kuabudu ukoloni."

Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu imetoka kwenye kidonda. Atakayeijibu kwa kusifu uzuri wa kona zilizoviringwa hajamsikia anayesema.

Nyumba hizo nzuri za mjini kati zilikuwa upande mmoja wa mstari. Mwaka 1921 Waafrika walihamishiwa upande wa pili, katika cité iliyoitwa Albert, ambayo sisi tunaijua kama Kamalondo. Kati ya Kamalondo na mji wa Wazungu uliachwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, eti mbu wa malaria asiweze kuuruka na kumfikia Mzungu. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana mjini bila karatasi. Yaliyomo ndani ya mpaka ule yalikuwa ya udhalilishaji wa kila siku. Mwaka 1929, katika kampeni ya usafi, mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo apewe posho yake ya chakula. Msanii wetu Sammy Baloji ameliweka jambo hilo ukutani katika kazi yake juu ya mipango miji, picha za mji kutoka angani zikiwa zimepangwa kando ya picha za wadudu, na asiyejua kusoma ramani anaelewa hapo hapo. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Changachanga waliogoma walikusanyika uwanja wa mpira kudai nyongeza. Walipigwa risasi.

Hayo yote yalitokea wakati kuta hizi zimesimama. Nani basi ananufaika kuta zikiondoka?

Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu. Hakuiandika kwa Kifaransa. Aliiandika kwa Kiswahili cha hapa, kwa maboi waliokuwa wamewapikia, wamewafulia na kuwalelea watoto Wazungu wa Élisabethville tangu mwanzo. Andiko hilo linaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichapisha pamoja na maelezo mwaka 1990. Ni moja ya maandiko machache barani ambamo mji wa kikoloni unasimuliwa na aliyekuwa jikoni. Boi aliijua nyumba kuliko mwenye nyumba. Alijua mlango upi unafungwa saa ngapi, ngazi ipi ni ya nani, maji yanatoka wapi. Ukilisoma andiko hilo huku nyumba zimebomolewa, linakuwa sauti isiyo na mahali pa kusimama. Ukilisoma nyumba zikiwepo, unaweza kutoka nje ukaenda kutazama.

Na cha kutazama kipo nyuma. Pita ubavuni mwa nyumba nyingi za zamani utakuta uwani, mwisho kabisa wa kiwanja, mstari wa vyumba vidogo: mlango mmoja, kidirisha kimoja cha juu, paa la manjanja lisilo na dari. Ndiyo boyerie. Mbele kuna barza pana yenye nguzo. Nyuma kuna chumba ambamo mtu mzima akinyoosha mikono anagusa karibu kuta zote mbili. Tofali ni lile lile la kichuguu. Hakuna hotuba juu ya ukoloni iliyo wazi kama hatua thelathini za kutoka mlango ule hadi huu. Mtoto wa shule akizitembea hatua hizo hahitaji mwalimu amwambie kitu.

Wenzetu wa Eritrea walikabiliana na swali hili hili. Asmara ilijengwa kwa sehemu kubwa na Waitaliano wa Mussolini katika miaka ya 1930, tena kwa ubaguzi wa rangi ulioandikwa katika sheria. Waeritrea hawakuibomoa. Waliipima nyumba kwa nyumba, wakaitetea, na mwaka 2017 iliingia katika orodha ya urithi wa dunia kama mji wa kisasa wa Kiafrika. Hakuna mtu anayedhani kwamba kwa kufanya hivyo walimpigia Mussolini saluti. Walisema: huu ni mji wetu, tuliujenga, tuliishi humo, na sisi ndio tutakaousimulia.

Makosa ninayoyaona kwa upande wetu, sisi tunaotetea majengo, ni kwamba mara nyingi tunapiga picha ya mbele tu. Tunaonyesha kona, jina la mchoraji na mwaka. Boyerie hatuionyeshi. Kwa hilo anayetushutumu ana haki, na kosa hilo lazima tulirekebishe wenyewe.

"Waafrika hatujui kutunza. Angalia yalivyochakaa."

Sentensi hii inaniuma kwa sababu anayeisema kwa kawaida ni Mwafrika. Nitaijibu kwa tarehe.

Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai 1960, na kujitenga huko kukaisha Januari 1963. Katikati, mwezi Septemba na tena Desemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga walipigana mitaani mjini humu. Nyumba nyingi zilipigwa. Mwaka 1966 mji ukapewa jina la Lubumbashi. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza zairianisation: maduka, mashamba na biashara za wageni zikapewa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati huo. Wengi waliopewa walikuwa watu wa karibu na utawala, hawakuwa wafanyabiashara, wala hawakuwa wamekaa humo. Mgiriki aliyeishi juu ya duka lake aliondoka. Aliyerithi duka aliishi Kinshasa na akataka kodi tu. Nyumba ilipoteza mtu anayelala ndani yake na kusikia paa linapoanza kuvuja.

Wakati huo huo bei ya shaba iliporomoka tangu 1974. Gécamines, mrithi wa Changachanga na tegemeo la mji mzima, ilikuwa bado ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukaupiga mji 1991, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai wakafukuzwa 1992 na 1993, wengi wao wakisubiri treni vituoni hadi wakafa. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilikaa miezi bila kulipwa. Familia mbili, tatu, zilijibana katika nyumba iliyojengwa kwa familia moja. Barza ikazibwa kwa matofali ikawa chumba. Bafu likawa jiko. Mtu wa namna hiyo ukimwambia hajui kutunza, unamtukana. Alitunza watoto.

Na nirudi kwenye neno lenyewe, kutunza. Wakati wa Wabelgiji nyumba hizi zilikuwa zinang'aa, ni kweli. Nani alizing'arisha? Nani alipanda ngazi kila Oktoba kusafisha mifereji kabla ya mvua? Nani alipaka chokaa, nani alipiga sakafu nta kwa magoti? Tangu siku ya kwanza majengo haya hayajawahi kutunzwa na mikono mingine. Kilichokatika ni mshahara wa mikono hiyo.

"Ni mabovu, yataangukia watu. Kioo ndiyo maendeleo."

Yapo mabovu kweli, na lililokwisha kuinama liondolewe kabla halijaua. Lakini ubovu una sababu, na karibu kila mara sababu ni maji. Mfereji ulioziba unamwaga maji ukutani msimu mzima. Njanja moja iliyong'oka inaozesha boriti. Mti ulioota ufani unapasua kuta taratibu. Kisha huja dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa: ukuta wa tofali laini unapakwa plasta ngumu ya saruji ili uonekane mpya. Unyevu uliokuwa ukipanda na kutoka nje unakosa njia, unabaki ndani, tofali linaanza kumeguka nyuma ya plasta, na baada ya mvua chache plasta inaanguka vipande vipande ikiwa imebeba uso wa tofali. Mwenye nyumba anasema, "Unaona? Ni bovu." Ukuta ulikuwa mzima mpaka ulipotibiwa. Plasta ya chokaa, ambayo inapumua, ingeusaidia, na mawe ya chokaa hatuyakosi: machimbo ya Kakontwe yako Likasi, mwendo wa saa chache.

Kuhusu kioo nitasema lile analolijua kila mkazi. Umeme hapa hukatika. Ukikatika, jengo la vioo visivyofunguka huwa tanuru kufikia saa tano asubuhi, na jenereta hunguruma uwani ili vipoza hewa viendelee. Upande wa pili wa barabara, kwenye nyumba ya etaji ya mwaka 1929 au 1930, karani anafungua madirisha mawili yanayotazamana na kuendelea kuandika. Sisemi tusijenge upya. Mji wa watu zaidi ya milioni mbili lazima ujenge. Nasema viwanja vitupu viko vingi kuanzia barabara za nje, na hakuna sababu ya mnara mpya kuchagua kwa kudumu kiwanja chenye nyumba ya zamani, isipokuwa kwamba kiwanja hicho kiko mahali pazuri. Na pamekuwa pazuri kwa sababu ya ile nyumba.

"Usihangaike. Sheria inayalinda."

Hii ndiyo hoja inayolaza watu usingizi, kwa hiyo nimeiacha mwisho.

Sheria ipo. Wabelgiji walitoa amri ya kulinda mandhari na majengo ya kumbukumbu tarehe 16 Agosti 1939, na Jamhuri ilitoa yake, ordonnance-loi 71-016, tarehe 15 Machi 1971. Lakini sheria hiyo inalinda kile kilichoorodheshwa na serikali kwa jina lake, kwa utaratibu wake. Nyumba haiingii humo kwa kuwa nzee au nzuri. Watu wengi huchanganya orodha hiyo na kazi nyingine njema zilizofanyika. Siku za Urithi zilizoanza Lubumbashi mwaka 2005 zilifungua milango ya majengo mengi kwa wenyeji, na mwaka 2008 kilitoka kitabu kikubwa cha majengo ya mji huu, ambacho Johan Lagae na Serge Songa-Songa ni kati ya waandishi wake. Mwaka huo huo biennale ya Picha ilianza kuwaleta wasanii kutazama mji kwa jicho jipya. Nimekiona kitabu hicho kikiwekwa mezani na mtu aliyeamini kwamba jengo likiwamo, haliguswi. Kitabu hakizuii trekta.

Wala UNESCO haitatuokoa kwa sasa. Kongo ina maeneo matano katika orodha ya urithi wa dunia: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote matano ni hifadhi za asili. Rumba iliingia 2021 katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika. Jengo la Kongo, hata moja, halimo. Ulimwengu unaambiwa kwamba nchi hii ina masokwe na ina muziki, lakini haina mji.

Kwa hiyo kinachobaki kati ya nyumba ya zamani na nyundo ni mwenye nyumba, na jirani zake. Kwa mwenye nyumba nina ombi ambalo halimgharimu sana. Kabla mabati ya uzio hayajasimamishwa, aite wanafunzi wawili wa ujenzi wenye futi na daftari. Wapime mbele, wapime ngazi, wahesabu matundu ya hewa chini ya paa, wapige picha tofali lililo wazi. Kisha wapite ubavuni hadi uwani, wafungue ule mlango mdogo wa mwisho, wapime pia kile chumba: urefu, upana, kidirisha kiko juu kiasi gani. Na kama yupo mzee katika mitaa ya Kamalondo au Kenya ambaye baba yake alilala humo, mzee huyo aitwe, apewe kiti, na jina la baba yake liandikwe juu ya mchoro.